Gitaa la Alumini na Blanketi la Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimepata gitaa langu. Naandika polepole ili niamini.

Si gitaa la kawaida. La kawaida hata Luseno wa chama chetu analo. Hili hulazwa mapajani, na nyuzi zake hazibonyezwi kwa vidole. Unashika kipande cha chuma, unakipitisha juu ya nyuzi, na sauti inateleza kutoka chini hadi juu kama mtu anayeamka vizuri. Mwili wote ni alumini. Tumbo la duara na shingo ndefu, vyote vimemwagwa pamoja kwenye kalibu moja. Hakuna gundi wala msumari.

Ruqiya, mama anayeuza vitu vya mtumba Eastleigh, alikuwa na mawili ya namna hii. La kwanza la mbao, jekundu, zuri kwa mtu asiyejua. La pili hili. Aliniambia wazi kwamba hili la alumini ni bovu. Nyuzi zimeinuka mno na wateja watatu wameshindwa kuzibonyeza. Nilinyamaza. Nimewaona wazee wa ng'ambo kwenye simu wakilicheza. Nyuzi zimeinuka kwa sababu zinatakiwa kuinuka.

Nimebeba alumini miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha sufuria huko Industrial Area. Mgongo wangu unaijua kuliko mwenye kiwanda. Niligonga la mbao kwa ukucha, likaitika kama mlango wa choo. Nikagonga la alumini, likaitika safi, sauti ndefu isiyo na mkwaruzo. Halina ufa ndani. Nikachagua.

Tena lina jambo ambalo Ruqiya hakulijua. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki tangu mashine ya kiwandani ilipovipitia. Luseno, mkuu wa muziki katika chama chetu cha watu wa nyumbani, alinikataa kwa sababu hiyo. Alisema gitaa halichezwi kwa kijiko. Kumbe lipo linalochezwa kwa kijiko.

Sikutoa pesa. Nilitoa blanketi. Blanketi zito, jipya, lenye picha ya simba dume. Lilikuwa la mama mkwe. Kwao Nabalayo, mke wangu, mkwe humfunika mama mkwe blanketi mabegani mbele ya watu, na tangu siku hiyo masharti ya aibu kati yao yanapungua. Lakini mama mkwe anakuja Desemba. Desemba iko mbali. Nitapata jingine.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimecheza tangu asubuhi. Ninakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gitaa mapajani, mlango wazi ili watu wa ploti waone. Sisi wa Mukuru hatuoni kitu king'aacho hivi kila siku.

Bila stima gitaa hili linanong'ona tu. Nimeazima woofa ya Khavere, jirani anayepika chapati upande wa pili wa ukuta wa mabati. Sharti lake ni moja: nisicheze wakati wa mahubiri ya redio.

Saa nne Khavere aliuliza kupitia ukutani kama kuna mtu amekanyaga paka. Saa sita alisema paka amepata nafuu. Mimi nilijua maendeleo ni hayo.

Chuma changu ni kipande cha ekseli nilichookota kwenye chuma chakavu na kukisugua kwa msasa hadi kikawa laini. Nikikikandamiza, nyuzi zinalia vibaya. Nikikilegeza mno, zinazizima. Nikikilaza sawasawa juu ya mistari ya shingo, zinaimba. Mistari ile si ya kukanyaga, ni ya kuangalia. Hakuna aliyenifundisha. Nimegundua mwenyewe na darasa la sita langu.

Saa saba mabati ya paa yakawaka na sauti yote ikapanda. Mwenye shule nyingi angesema gitaa limeharibika. Mimi najua alumini ikipata joto inarefuka, na nyuzi zikavutika nayo. Nikaivika shingo yake taulo lenye maji. Likatulia. Khavere alichungulia akauliza kama lina malaria.

Luseno alipita jioni, miwani nyeusi usoni ingawa jua limezama. Niaje Mulama, akasema, naona umepakua, mboga ni gani? Watu wa ploti wakacheka. Nikampigia ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani wa nyumbani. Kicheko kikakatika. Aliondoka bila kuaga, na miguu yake ilifuata mdundo wangu hadi kwenye kona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu kutoka kwa Nabalayo. Mama yake hangoji Desemba. Akina mama wa nyumbani wamekodi basi na wanakuja Sikukuu ya Mashujaa, tarehe ishirini, kuona jinsi watoto wao wanavyoishi Nairobi. Chama chetu kitawapokea katika ukumbi wa Kaloleni.

Nabalayo atakuwa ndani ya basi hilo na mkoba wake. Mama yake amesema mkoba utashuka Nairobi, au utarudi Bungoma ulivyokuja. Itategemea atakavyomwona mkwe wake.

Miaka mitatu tunaishi mbali mbali. Nina sahani mbili humu ndani na moja haijawahi kutiwa chakula.

Akauliza blanketi liko wapi. Nikasema liko mikononi mwa mtu mwaminifu. Si uongo. Ruqiya ni mwaminifu.

Nikamwambia habari kubwa zaidi, kwamba nitacheza mbele ya akina mama wote. Akafurahi sana. Akataka kujua gitaa lenyewe likoje, nami nikamweleza kila kitu, kuanzia kalibu.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini: linachezwa mtu akiwa amekaa?

Nikasema ndiyo, hakuna namna nyingine.

Akauliza kama nimesahau.

Nilikuwa nimesahau. Kwao, mkwe ambaye hajatoa blanketi haketi mahali mama mkwe anapoweza kumwona. Anasimama. Mama akimwona mkwe amekaa na mapaja yake yametanda, ni sawa na kumwona bila nguo. Nimekaa juu ya ndoo hii siku tano nikicheza, wala haikunijia kwamba ninakaa.

Kwa hiyo nimetoa blanketi linaloniruhusu kukaa, nikachukua gitaa linalonilazimisha kukaa. Mtu mwingine angejiona mjinga. Mimi naona ni watu wachache wanaoweza kupanga jambo likafungana namna hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeenda Eastleigh kwa miguu moja kwa moja kutoka kazini. Ruqiya alinikaribisha chai. Blanketi halipo. Amelichukua bibi harusi siku ile ile, na Ruqiya anasema alilipenda hasa kwa sababu ya yule simba.

Nikauliza kama lipo jingine. Akatafuta kwa moyo kabisa, ndugu yangu ngoja, ndugu yangu ngoja, akatoka na blanketi la mtoto mchanga. Samawati. Lina bata. Akasema linaweza kufunika bega moja.

Nimekataa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa mabega mapana na mimi si mtu wa bega moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya majaribio. Nimeamua kucheza nimesimama.

Nimechukua mikanda miwili ya turubai, nikafunga gitaa likaning'inia mbele ya tumbo, limelala chali. Nilipojitazama kwenye kioo cha Khavere nilionekana kama muuza mayai ya kuchemsha. Nikavumilia. Nikapiga uzi wa kwanza, gitaa likainama. Nikapeleka chuma juu, chuma kikaendelea na safari bila mimi, kikatua kwenye kidole gumba cha mguu. Ekseli ya gari ni nzito hata ikiwa kipande.

Khavere alitoka na unga mikononi. Akasema jirani, kwa nini usiliweke juu ya meza, usimame nyuma yake, ucheze? Meza yake ya chapati inanifika kiunoni. Akalilaza gitaa pale kunionyesha. Likaenea barabara. Nikacheza ubeti mzima, safi, nimesimama.

Nimekataa. Mtu akisimama nyuma ya meza akisukuma kitu cha chuma kwenda na kurudi, anapiga pasi. Luseno angeniletea mashati. Sikuchagua ala hii miongoni mwa ala zote za Eastleigh ili nionekane dobi.

Khavere akasema heri dobi mwenye mke. Ana mdomo mkali, lakini chapati zake ni laini.

Jumatano, 15 Oktoba

Luseno mwenyewe amenifuata getini kiwandani. Hana miwani leo. Amesikia shida yangu kutoka kwa Khavere, na anasema sisi ni watu wa nyumba moja, ugomvi wa nini.

Shauri lake ni hili. Pale ukumbini tutatundika shuka kwenye kona ya jukwaa. Nitakaa nyuma ya shuka, nicheze. Mama mkwe hataniona, kwa hiyo nitakuwa sijakaa. Yeye Luseno atasimama mbele na gitaa lake ili watu wawe na mahali pa kuelekeza macho. Waya ya gitaa lake haitaunganishwa. Atashika tu.

Nililitafakari shauri hilo kwa makini hadi likawa langu. Kwa kweli shuka ni wazo ambalo ningelifikia mwenyewe kesho au keshokutwa.

Nikampa mikono yote miwili. Akautazama ule wa kushoto wenye vidole viwili vigumu, akaubana kwa heshima. Nilijisikia vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeng'arisha gitaa kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua sufuria za maonyesho. Mtu anaweza kunyolea ndevu humo. Nimenyolea.

Nimeosha pia ile sahani ya pili, ingawa haijachafuka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nitaandika yote, hata yale ambayo watu wameyaelewa vibaya.

Basi lilifika Kaloleni saa tano. Nilikuwa nimeshaketi nyuma ya shuka, woofa ya Khavere kando yangu, taulo lenye maji shingoni mwa gitaa kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto. Kupitia upenyo niliwaona akina mama wakiingia na vilemba vyao vya kanisa. Mama mkwe alikuwa wa tatu. Mabega yale yale.

Nabalayo akazunguka nyuma ya jukwaa. Amekonda kidogo. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa miaka mitatu, yakanikimbia, nikamwambia tu kwamba amefika. Akasema anajua amefika. Alitazama gitaa, akajiona humo, akarekebisha kilemba. Kisha akasema mama yake ameulizia blanketi, naye amemwambia linafuliwa. Akaniinamia sikioni.

"Mulama, cheza, kisha ukae kimya. Ukikaa kimya leo tu, kesho mkoba unashuka."

Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Nikacheza ule wimbo wa kanisani wa nyumbani. Sijawahi kucheza vile na huenda nisicheze tena vile. Chuma kilitembea chenyewe. Kwenye mstari wa tatu nilikiburuta kutoka chini polepole hadi juu, na mama mmoja akapiga vigelegele, kisha wote. Wakataka urudiwe. Nikarudia. Wengine walikuwa wakilia.

Mbele ya shuka Luseno alikuwa amefumba macho. Amekunja magoti. Vidole vyake vinakimbia juu ya gitaa lisilo na waya. Alitingisha kichwa kana kwamba sauti inamuumiza. Hilo nalo nililivumilia. Mke ni mke.

Ndipo mama mkwe akasimama, akaenda hadi jukwaani, akatoa kitambaa chake mwenyewe na kumpangusa Luseno jasho. Jasho la nini? Kisha akageukia watu, akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ombe:

"Mtoto huyu vidole vyake Mungu amevibariki. Laiti binti yangu angepata mtu wa namna hii."

Nilitazama vidole vyangu viwili. Nikavuta shuka.

Mimi pale, nimekaa, magoti yametanda, gitaa mapajani likimulika dari nzima. Akina mama wa ukoo wake wakageukia ukuta wote pamoja kama askari. Mama mkwe akavuta kilemba chake hadi kidevuni na kuanza kurudi kinyumenyume, bila kuona, mpaka akaigonga meza ya chai.

Nikamalizia ubeti. Ilikuwa imebaki mistari miwili na kazi nzuri haiachwi hapo.

Kisha nikakumbuka kusimama. Nilisimama haraka, kwa heshima, nikasahau kilicho mapajani. Gitaa likaanguka sakafuni na woofa ikatoa mlio ambao nasikia ulifika hadi uwanjani. Nimelikagua lote. Halijabonyea popote. La mbao lingevunjika vipande.

Nabalayo hakunitazama. Alimfuata mama yake nje.

Jumanne, 21 Oktoba

Sikulala wala sikwenda kibaruani. Saa tatu asubuhi nikasikia viti vikisogezwa kwa Khavere. Mama mkwe alikuwa ameingia huko na kilemba chake usoni. Mimi nikasimama upande wangu wa ukuta. Hata bila kuonekana, nilisimama.

Hawezi kunisemesha moja kwa moja tena. Kwa hiyo alimwambia Khavere, Khavere akamwambia Nabalayo aliyesimama mlangoni, na Nabalayo akaniambia mimi, ingawa bati ni bati na kila neno nililisikia mara tatu.

Mwambieni amenivua heshima mbele ya watu wa mataifa mawili, wa nyumbani na wa Nairobi. Mwambieni ninataka kondoo jike, mwenye afya, aletwe Bungoma achinjwe tuoshe aibu hii. Mwambieni na blanketi, nalo nimeambiwa ukweli wa lilikokwenda.

Nikamtazama Nabalayo. Akasema asingeweza kulifua blanketi lisilokuwepo siku mbili mfululizo.

Nikauliza kuhusu mkoba. Swali likapita kwa Nabalayo, likapita kwa Khavere. Nilisikia chapati ikigeuzwa.

"Nilikuja kumwachia mke," akasema mama mkwe. "Sasa naona anahitaji mlezi. Mtu wa kutoa blanketi la mkwewe, akiachwa peke yake mwaka mwingine, atatoa mlango. Mkoba ushuke."

Khavere alisahau kupitisha neno hilo. Nabalayo tayari alikuwa ameshaweka mkoba ndani.

Mama mkwe alipokuwa akitoka, alisimama nje ya mlango wangu, mgongo kwetu. Akamuuliza Nabalayo kama ni kweli sauti ile ya jana ilitoka kwenye mkono wangu, huo wenye vidole vilivyokufa. Nabalayo akasema ndiyo, mama, ni mkono wake. Mama mkwe akafunga kilemba upya.

"Mwambieni sauti si mbaya."

Nimeliandika neno hilo pia ukutani, kwa makaa, juu ya kitanda.

Jumapili, 26 Oktoba

Sahani zote mbili zinatumika. Nabalayo amepanga nyumba upya, na gitaa amelitundika juu kabisa, mahali ambapo lazima nimwombe anishushie. Anasema ndiyo sababu.

Chama kimenizuia kuingia ukumbini hadi kondoo afike Bungoma. Luseno anasalimia watu Kaloleni yote na bado anapanguswa jasho. Namwachia. Mama mkwe anajua ukweli, na siku zote mimi hucheza kwa ajili ya wasikilizaji wachache wanaoelewa.

Kondoo nimempata. Wenzangu wa kiwandani walichanga, nikamnunua soko la mifugo la Kiamaiko jana. Jike, mnono, macho ya upole. Amefungwa mlangoni kwa Khavere anakula maganda ya kabichi. Jumatano atapanda lori la mboga linalorudi Bungoma tupu, na aibu yangu itakwisha.

Ila leo mchana Ruqiya amenipigia simu. Amepata kikuza sauti cha gitaa, cha kweli, si woofa ya jikoni. Kina spika kubwa kama sinia. Anasema kikipigwa hapa Mukuru, watu wa mtaa wa Lucky Summer watatoka nje. Haombi pesa. Kwao wana harusi Ijumaa na wanatafuta mnyama.

Nimelifikiria jambo hili bila papara, kama mtu aliyekwisha pitia mambo. Mama mkwe amesema sauti si mbaya, na hiyo ni sauti iliyopitia woofa ya chapati. Akiisikia kwenye spika kubwa, yeye mwenyewe atasahau habari ya kondoo. Tena lori la mboga liko kila Jumatano, na kondoo wako kila siku Kiamaiko.

Nabalayo ataenda sokoni kesho saa nne. Ruqiya atakuja saa nne na robo kumtazama kondoo.

Jioni hii nimemwosha kondoo kwa ile sabuni nzuri ya Nabalayo, nikamkausha kwa taulo. Ametakata sana. Khavere amechungulia na kuuliza ninamwosha kwa nini, na nimemwambia mama mkwe wangu anastahili kitu safi.